Maswali yenu: Lenzi nyepesi ya kuvuta kwa kamera ya fremu kamili

Barua nyingi za safari hii zimeangukia jambo moja: lenzi ya kuvuta, zile zinazoanzia milimita 70 au 100 na kufika 200, 300 au 400, ambayo mtu anaweza kushinda nayo kutwa bila kuumia bega. Tukisema fremu kamili, tuna maana ya kamera yenye kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha, cha milimita 36 kwa 24.

SWALI: Ndugu mhariri, napiga picha za harusi kwa lenzi ya 70-200 f/2.8. Baada ya saa tano za kazi kifundo cha mkono kinawaka moto. Nataka kitu chepesi lakini naogopa kushuka ubora. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye hesabu. Chukua milimita za lenzi, ugawanye kwa namba ya f, ile inayoandikwa baada ya f/. Lenzi yako ikivutwa hadi mwisho ni 200 kugawanya kwa 2.8, yaani milimita 71 hivi. Huo ndio upana wa tundu ambalo mwanga unapitia, na kioo cha mbele hakiwezi kuwa na kipenyo kidogo kuliko hapo. Rudia hesabu kwa f/4, unapata 50. Kipenyo kimepungua kwa chini ya theluthi, ila eneo la kioo limebaki nusu, na vioo vyembamba zaidi vinatosha. Uzito wa lenzi ya kuvuta unatoka hapo hasa. Kutumia plastiki badala ya chuma huokoa gramu chache, lakini kupunguza tundu huokoa mamia.

Angalia lenzi zenyewe. Canon RF 70-200mm f/2.8L IS USM ina gramu 1,070, na nduguye wa f/4 ana 695. Sony FE 70-200mm f/2.8 GM II ina 1,045, na ile ya f/4 Macro G OSS II ina 794. Ubora wa picha haujashuka katika hizo za f/4. Kilichoshuka ni mwanga, kwa nusu. Palipokutosha ISO 1600 (ISO ni kipimo cha jinsi kamera inavyokuza mwanga) sasa utahitaji 3200, kwa kasi ile ile ya shata, yaani muda uo huo wa kuruhusu mwanga uingie.

Njia ya pili ni kubaki na f/2.8 na kukata milimita chache mwishoni. 180 kugawanya kwa 2.8 ni 64. Tamron 70-180mm f/2.8 Di III VXD G2 ya kamera za Sony ina gramu 855, na ina kitulizi cha mtikisiko ndani yake. Nikon Z 70-180mm f/2.8 ina gramu 795, haina kitulizi, inategemea kile cha kwenye kamera. Zile milimita 20 zisikusumbue: mtu akiwa mita 5 mbele yako, ukisogea nusu mita umepata fremu ile ile.

Kabla ya kuamua, fungua picha za kazi zako tano za mwisho kwenye kompyuta na uzichuje kwa taarifa zilizohifadhiwa ndani ya faili. Hesabu zile ulizopiga kwa f/2.8 huku ISO imepita 6400. Hizo ndizo picha ambazo f/4 itakunyima, au itakulazimisha ukubali chenga zaidi, zile punje punje zinazoonekana ISO ikipanda. Zikiwa chache, chukua f/4 na ufurahie. Zikiwa nyingi kwa sababu kumbi zako ni za giza, hiyo ya 70-180 ndiyo yako, na tungekushauri hivyo bila kusita.

Na uzito unaouona kwenye karatasi za matangazo, soma maandishi madogo. Nyingine hutajwa bila ile pete yenye mguu wa kufungia tripodi. Nikon Z 70-200mm f/2.8 VR S, kwa mfano, ni gramu 1,360 bila pete na 1,440 ikiwa nayo.

SWALI: Mimi ni mwalimu, napenda kupiga ndege wa porini. Nimeona lenzi ya 100-400 yenye gramu 635 tu. Wenzangu wananiambia f/8 ni giza, nitajuta. Ni kweli?

JIBU: Mwalimu, lenzi hiyo ni Canon RF 100-400mm f/5.6-8 IS USM, na siri ya wepesi wake umeshaiona katika jibu lililopita: 400 kugawanya kwa 8 ni 50. Ni tundu lile lile la 200 f/4, likiwa limewekwa kwenye lenzi ndefu mara mbili.

Giza lake linategemea unapiga wapi. Jua likiwa wazi mgongoni mwako na linammulika ndege, kanuni ya zamani inasema kwa f/16 kasi ya shata ni moja chini ya ISO. Yaani ISO 400, f/16, sekunde 1/400. Ukifungua hadi f/8 umeongeza mwanga mara nne, basi kasi yako ni 1/1600. Hiyo inatosha kwa ndege wengi wanaoruka, na ISO 400 kwenye fremu kamili ni safi kabisa. Chini ya miti minene mambo hugeuka. Mwanga hupungua hatua nne au tano, kila hatua ikiwa ni kupungua kwa nusu, na kwa 1/1600 ile ile utajikuta ISO 6400 hadi 12800. Hapo acha kumfuata anayeruka, tafuta aliyetua. Ndege aliyetulia tawini hupigika kwa 1/250, na ISO inarudi karibu 1000 hadi 2000. Kama kazi yako nzima ni msituni alfajiri, wenzako wana haki. Kama ni ziwani na nyikani mchana, wanakutisha bure.

Jambo ambalo watu hawaliamini mpaka walijaribu ni kuhusu kufifia kwa mandharinyuma. Wanadhani f/8 haiwezi kufifisha chochote. Lakini kitu cha mbali nyuma ya mlengwa hufifia kwa kadiri ya upana halisi wa tundu, alimradi mlengwa amejaza fremu kwa kiasi kile kile. Milimita 400 kwa f/8, 200 kwa f/4, na hata 85 kwa f/1.8, zote zina tundu la karibu milimita 50. Vichaka vya mbali vitayeyuka karibu sawasawa. Tofauti ni kwamba ukiwa na 400 umesimama mbali mara mbili ya mwenye 200, na kwa ndege umbali huo ni neema.

Mambo manne ya kujua kabla ya kulipa. Haina mipira ya kuzuia maji na vumbi, basi mvua ikinyesha ifunike kwa mfuko. Kikinga mwanga, ile pete pana ya plastiki ya mbele, huuzwa peke yake. Kinunue siku hiyo hiyo. Usibane tundu kupita f/11 bila sababu, kwa kuwa mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika na picha hupoteza ukali. Na usichukue mfano huu wa f/8 kuwa kanuni ya kamera zote: kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani yake (mirrorless) huweza kufokasi kwa f/8 bila shida, ilhali kamera nyingi za kioo (DSLR) hukwama zaidi ya f/5.6, na zinazoweza f/8 mara nyingi huweza kwa nukta ya katikati peke yake.

SWALI: Nilinunua Sony E 70-350mm kwa sababu ni nyepesi mno. Kamera yangu ni ya fremu kamili yenye megapikseli 24, lakini picha zinatoka ndogo. Je, kamera ni mbovu?

JIBU: Kamera ni nzima. Lenzi hiyo, gramu 625, imetengenezwa kwa kihisi kidogo cha APS-C. Kamera yako inaitambua na kukata kingo yenyewe, na unabaki na megapikseli 10 hivi. Ukizima ukataji huo kwenye menyu, pembe za picha zitakuwa nyeusi. Usiitupe: megapikseli 10 zinatosha kuchapa ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi, maana ukurasa huo unahitaji 8.7 tu.

Kwa wengine ambao bado hawajanunua, soma herufi kwenye pete ya lenzi. Sony ya fremu kamili huandikwa FE. Ikiwa ni E peke yake, ni ya kihisi kidogo. Nikon huandika DX kwa kihisi kidogo, Canon huandika RF-S, Sigma DC, na Tamron ya kamera zisizo na kioo huandika Di III-A.

SWALI: Nimeipenda Tamron 70-300mm kwa gramu zake 545. Haina kitulizi. Kamera yangu ni Sony A7 ile ya kwanza ya 2013. Nitaweza kushika kwa mkono?

JIBU: Utaweza mchana, utateseka jioni. A7 ya kwanza haina kitulizi ndani ya kamera, na lenzi hiyo nayo haina, kwa hiyo hakuna kitakachokusaidia ila mikono yako na kasi ya shata. Kwa 300 usishuke chini ya 1/320, na kiwango cha kuaminika ni 1/500. Chumbani, kwa f/6.3, kasi hiyo itakupandisha ISO kwa haraka sana.

Hata wenye kitulizi ndani ya kamera wajue mpaka wake. Mkono ukiinama kwa nusu ya nyuzi moja tu, taswira juu ya kihisi husogea milimita 0.44 ikiwa lenzi ni ya 50. Kwa lenzi ya 300 husogea milimita 2.6. Kihisi hakina nafasi ya kukimbizana na mwendo mkubwa hivyo, ndiyo maana katika lenzi ndefu kitulizi cha ndani ya lenzi, kinachosogeza kioo kidogo badala ya kihisi, hufanya kazi nzuri zaidi. Canon EOS R, RP na R8 nazo hazina kitulizi ndani, na mwenye kamera hizo asinunue lenzi ndefu isiyo nacho.

Kwa kamera yako tungechagua Tamron 50-300mm f/4.5-6.3 Di III VC VXD. Ina kitulizi, inaanzia milimita 50 badala ya 70, na uzito wake ni gramu 665. Umeongeza gramu 120. Kwa tofauti hiyo, hatuoni sababu ya kubaki na ile ya kwanza isipokuwa bei ndiyo inayokubana.

Kumbuka tu kwamba kitulizi hutuliza mkono wako, hakimtulizi unayempiga. Mtoto anayekimbia anahitaji 1/500 hadi 1/1000, kitulizi kiwepo kisiwepo. Na namna ya kushika ina uzito wake: kiganja cha kushoto kiwe chini ya lenzi karibu na mbele, viwiko vibane mbavuni, pumua nje nusu, kisha piga picha tatu mfululizo. Mara nyingi ya pili ndiyo kali, kwa sababu kidole kinapobonyeza na kinapoachia ndipo kamera hutikiswa.

SWALI: Nichukue 70-200 f/4 au 70-300? Nikikata picha si nitapata 300 ile ile?

JIBU: Utapata fremu ile ile, lakini pikseli zitapungua. Kutoka 200 hadi 300 ni mara 1.5, na kwa eneo ni mara 2.25. Kamera ya megapikseli 24 inakuachia 10.7, na ya 45 inakuachia 20. Kwa hiyo mwenye 45 anaweza kununua 70-200 f/4 na kukata kwa amani. Mwenye 24 anaweza pia, ila hana akiba ya kukata tena. Kutoka 200 hadi 400 ni hasara ya mara nne, 24 inakuwa 6, na hapo usijidanganye.

Wengine wanauliza telekonvata, kile kipande kinachofungwa kati ya lenzi na kamera ili kuongeza milimita. Ya 1.4 hula hatua moja ya mwanga, ya 2 hula mbili. Sony 70-200 f/4 ya pili inazikubali zote mbili, kwa 1.4 unapata 280 f/5.6. Nikon Z 70-180 inazikubali pia. Canon RF 70-200mm f/4L haikubali yoyote, na lenzi za Tamron za Sony hazikubali. Uliza hili kabla, maana ni kosa linalogunduliwa pesa zikiwa zimeshatoka.

Kama unapiga sana maua, vipepeo na vitu vidogo, angalia pia ukuzaji wa karibu. Sony f/4 ya pili hufika mara 0.5, yaani kitu cha milimita 72 kinajaza upana wa fremu. Lumix S 70-300mm f/4.5-5.6 Macro O.I.S., gramu 790, nayo hufika mara 0.5 ikiwa 300, na ina kitulizi. Kwa watumiaji wa Lumix hiyo ndiyo tungeitaja kwanza.

SWALI: Nina lenzi ya 70-300 ya kamera yangu ya zamani ya kioo. Nitumie adapta?

JIBU: Ikiwa lengo ni pesa, ndiyo. Ikiwa lengo ni uzito, piga hesabu. Nikon AF-P 70-300mm f/4.5-5.6E ED VR ni gramu 680, ongeza adapta ya FTZ II gramu 125, ni 805. Canon EF 70-300mm IS II ni 710, pamoja na adapta ya gramu 110 ni 820. Lenzi zinafanya kazi vizuri, fokasi ikiwemo, lakini kila moja inazidi kilo robo tatu. Kwa Nikon kuna mtego: lenzi za AF na AF-D zisizo na mota ndani, zile zilizozungushwa na bisibisi ndogo ya kwenye kamera, hazitafokasi zenyewe kupitia FTZ. Utazungusha kwa mkono.

SWALI: Nataka kununua lenzi iliyotumika. Nitajuaje kama ni nzima nikiwa mbele ya muuzaji?

JIBU: Beba kamera yako, tochi ndogo na, ukiweza, tripodi. Omba nusu saa. Muuzaji mwaminifu hataona tabu.

Kwanza macho. Ondoa vifuniko vyote viwili, mulika tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili, ukiinamisha lenzi pole pole. Chembe za vumbi si neno, kila lenzi inazo. Nyuzi nyembamba zinazotambaa kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu hula rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo, rudisha. Ukungu mweupe uliotanda sawasawa nao rudisha. Tazama pete ya chuma inayoingia kwenye kamera: mikwaruzo ni kawaida, lakini ikiwa imepinda au skrubu zimetafunwa, lenzi imeanguka au imefunguliwa na mtu asiyejua. Pete ya filta yenye kibonyeo inasema hivyo hivyo.

Halafu mikono. Vuta zumu kutoka mwanzo hadi mwisho. Iende kwa uzito mmoja, isikwame katikati. Lenzi nyepesi nyingi hurefuka zinapovutwa. Ikiwa imerefuka hadi mwisho, shika ncha yake taratibu na uitikise. Mchezo mdogo sana upo siku zote, kugongagonga hakutakiwi. Ielekeze chini uone kama inashuka yenyewe. Ikishuka si kasoro ya picha, ila utachoka nayo ukitembea. Ukisikia kitu kinacheza ndani lenzi ikiwa imezimwa, usishtuke: kioo cha kitulizi katika baadhi ya lenzi huelea umeme ukikatika. Iwashe kwenye kamera, sauti ikome.

Kisha jaribio ambalo ndilo hasa limekuleta. Vioo vya lenzi ya kuvuta vikihama hata kidogo kutoka mstari wao, upande mmoja wa picha hulainika. Kupiga ukuta si njia nzuri, maana usiposimama sambamba nao utailaumu lenzi kwa kosa lako. Chagua kitu kimoja kilicho mbali chenye mistari midogo, kama antena au maandishi ya bango. Vuta hadi milimita za mwisho, fungua tundu lote, zima kitulizi ikiwa uko kwenye tripodi, weka kipima muda cha sekunde 2. Weka kitu hicho katikati, fokasi, piga. Kisha geuza kamera ili kitu hicho hicho kiwe pembe ya juu kushoto, fokasi upya hapo hapo, piga. Fanya hivyo pembe zote nne. Kuza kwenye skrini hadi asilimia 100. Pembe zote nne zikiwa laini kidogo kwa kiasi kimoja, hiyo ndiyo tabia ya lenzi. Tatu zikiwa kali na moja imevurugika, vioo vimehama, na kuirekebisha kunahitaji vifaa vya karakana. Iache. Rudia kwa milimita za mwanzo, kwani kuna lenzi zinazokuwa nzima upande mmoja wa zumu na mbovu upande wa pili.

Malizia na kitulizi. Kwa mkono, ukiwa kwenye 200, weka shata 1/30. Piga kumi kikiwa kimewashwa na kumi kikiwa kimezimwa. Usipoona tofauti kubwa ya idadi ya picha kali, hakifanyi kazi.

SWALI: Picha zangu za milima ya mbali hazina ukali hata kwa 1/2000. Lenzi mpya, kila kitu kipya. Tatizo ni nini?

JIBU: Kwa uwezekano mkubwa ni hewa. Ardhi ikipata joto, hewa iliyo juu yake hupanda ikichanganyika, mwanga hupinda huku na huku, na lenzi ndefu hukuza mchezo huo wote. Hakuna lenzi inayoutibu, hata ile nzito kuliko zote. Pima hivi: piga kitu kilicho mita 20 kutoka ulipo kwa mipangilio ile ile. Kikitoka kali, lenzi haina kosa. Rudi kwenye milima saa moja ya mwanzo baada ya jua kuchomoza, na simama mahali pa juu ili mwanga usipite juu ya lami au mabati. Ukipiga kupitia dirisha la gari lenye injini inayonguruma, joto la boneti nalo linatosha kuharibu.

Kisipotoka kali hata mita 20, vua filta ya mbele na upige tena. Filta ya kioo duni ambayo hukuisikia kwenye lenzi ya 35 huonekana wazi kwenye 300. Kama filta haimo na bado picha ni laini kati ya 1/60 na 1/200 hasa, badilisha shata iwe ya kielektroniki kwa pazia la kwanza kwenye menyu. Katika baadhi ya kamera pigo la shata ya chuma hutikisa lenzi nyepesi katika kasi hizo, na badiliko hilo moja huliondoa.